Kabla ya kumwaga udongo bandani, uliza umetoka wapi

Ukimuuliza mfugaji wa kuku wa Lubumbashi mambo yanayomsumbua, atakuhesabia bila kupumua: bei ya provande, chanjo ya Newcastle, wezi wa usiku, umeme unaokatika vifaranga wakiwa bado wadogo. Yote ni ya kweli. Lakini kuna jambo moja ambalo karibu hakuna anayelitaja: udongo wa chini, ule ambao kuku wanaukanyaga, wanauchakura na kuuoga kutwa nzima. Kwa wengi wetu udongo ni udongo. Mtu akipita na pusipusi ya mchanga wa bei nafuu, tunanunua, tunamwaga bandani, kuku wanaingia, kazi imekwisha.

Mimi nasema hapana. Katika mji mwingine labda tungeweza kufanya hivyo na kulala usingizi. Hapa kwetu, katika nchi ya shaba na kobalti, udongo wa banda ni sehemu ya chakula cha kuku, na kwa hiyo ni sehemu ya chakula cha watoto wetu. Anayepima provande kwa kilo na kuuliza imetengenezwa na nani anapaswa kuuliza swali hilohilo juu ya udongo.

Kuku anakula anachokikanyaga

Kuku hana meno. Ili asage mahindi, anameza vijiwe na mchanga vinavyokaa katika firigisi na kufanya kazi ya meno. Tena anachakura ardhi kutafuta wadudu, na kila mdudu anakuja na udongo wake. Halafu anajilaza katika vumbi, analirusha katikati ya manyoya, na kisha anayasafisha manyoya hayo kwa mdomo. Kwa njia hizo tatu kuku anayezurura katika lupango anakula udongo kila siku, hata kama unamlisha vizuri namna gani.

Kama udongo ule una madini mabaya, hayapotei. Risasi, ile tunayoijua kwa jina la plombu, mwili unaichukua kana kwamba ni kalisi. Inaingia katika damu, inajificha katika mifupa. Na kuku anayetaga anachota kalisi katika mifupa yake ili atengeneze ganda la yai. Hapo risasi nayo inaamka na kurudi katika damu, na sehemu yake inafika katika kiini cha yai. Maini na figo, ambazo kazi yake ni kusafisha mwili, ndizo zinazobeba mzigo mkubwa kuliko nyama ya kifua au paja. Na sisi tunajua nani katika nyumba anapewa kiini laini na kipande cha ini: mtoto mdogo, na mama mwenye mimba.

Shirika la Afya Duniani limesema wazi kwamba hakuna kiasi cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Kwa mtoto, risasi inagusa ubongo unaokua. Haitoi homa wala vipele. Inaonekana miaka baadaye, mtoto anapokuwa mzito wa kushika masomo na watu wanasema ni mvivu tu.

Udongo wetu una historia

Tanuru la shaba la Lubumbashi liliwashwa mwaka 1911, wakati mji wenyewe, Elisabethville wa zamani hizo, ulikuwa na mwaka mmoja tu. Kwa miaka mingi moshi wake ulishuka upande ambao upepo ulipeleka, hasa kaskazini-magharibi. Penga Penga ni jina ambalo kila mkaaji wa mji analijua. Huko kuna ardhi iliyobaki uchi, ambapo miti ilikufa na majani machache tu yalivumilia. Waliokuwa wakipita wakiona mahali peupe hawakuhitaji mtaalamu awaambie kwamba ardhi imeumia. Watafiti wa kilimo wa UNILU walifanya kazi katika udongo huo, wakajaribu kuutuliza kwa chokaa na mbolea ili nyasi zishike tena.

Tanuru lile halikuyeyusha shaba peke yake. Madini ya Kipushi, kilomita kama 30 kutoka hapa, yana zinki na risasi pamoja na shaba. Ndiyo sababu katika udongo wa pande hizi mtu haongei juu ya shaba tu. Kuna risasi, zinki, kadimiumu, arseniki. Na sehemu nyingine za Katanga ya zamani zina uranimu, jambo ambalo jina la Shinkolobwe linatosha kulikumbusha.

Mwaka 2009, watafiti wa UNILU pamoja na wenzao wa chuo kikuu cha Leuven, Ubelgiji, walichapisha vipimo vya mkojo wa wakaaji wa kusini mwa Katanga. Waliokaa karibu na migodi na viwanda walikutwa na madini mengi kuliko waliokaa mbali, na kiasi cha kobalti kilikuwa kikubwa kuliko kilichowahi kuandikwa kwa watu wa kawaida popote duniani. Hatuongei juu ya wachimbaji ndani ya mashimo. Tunaongea juu ya mama anayeuza lengalenga na mtoto anayecheza mbele ya nyumba. Mwaka 2018 wakarudi na matokeo ya Kasulo, kule Kolwezi, mtaa ambao wakaaji walikuta madini chini ya nyumba zao na ukageuka mgodi. Watoto wa mtaa ule walikuwa na kobalti katika mkojo karibu mara 10 kuliko watoto wa mtaa ambao haujachimbwa. Vumbi la nyumbani lilikuwa limejaa madini hayohayo.

Kama vumbi la nyumbani linamfikia mtoto kiasi hicho, kuku anayeoga katika vumbi hilo na kulila kutwa nzima yeye anafikiwa kiasi gani?

Jirani zetu wa Kabwe wametutangulia

Tusiseme kwamba ni hofu ya bure. Ukivuka Kasumbalesa ukateremka njia ya Lusaka, unapita Kabwe, mji wa mgodi wa risasi na zinki uliofungwa mwaka 1994. Mgodi ulifungwa, lakini risasi ilibaki katika udongo wa mitaa, na mpaka leo Kabwe inatajwa ulimwenguni kwa sababu ya risasi katika damu ya watoto wake. Watafiti walipima pia maini na figo za kuku wa huko. Kuku wa kienyeji, wale wanaozurura na kuchakura, walikutwa na risasi nyingi kuliko kuku wa nyama waliofugwa ndani kwa chakula cha dukani.

Tunapenda kuku wa kienyeji, na mimi nampenda pia. Tunasema nyama yake ina ladha, mayai yake yana kiini cha njano nzuri. Katika ardhi safi hilo ni kweli kabisa. Katika ardhi mbaya, uhuru wake wa kuzurura ndio unaomponza.

“Kuku wangu hawafi”

Najua majibu nitakayopewa. La kwanza ni hili: “Kuku wangu wanataga, wananenepa, hawafi. Udongo una shida gani?” Mama yangu, papa yangu, hiyo ndiyo hatari yenyewe. Newcastle inaua banda zima kwa siku chache na kila mtu anaiona. Risasi haifanyi hivyo. Kuku anaweza kubeba risasi na akaendelea kutaga, manyoya yanang'aa, jogoo anawika. Afya ya kuku si cheti cha usafi wa yai.

La pili: “Wazee wetu walifuga hivihivi.” Wazee wetu walifuga kijijini, katika ardhi ya miombo ambayo haikuwahi kupigwa moshi wa tanuru. Na kama walifuga karibu na tanuru, hakuna aliyewapima tuseme kwamba walipona.

La tatu ndilo zito: “Wewe mwandishi unataka tuache kuku, tule nini?” Hapana, sitaki mtu aache kuku. Yai la nyumbani linamlea mtoto, linalipa daftari, linamwokoa mama siku ambayo mayai ya Zambia yamekawia mpakani na bei imepanda. Nataka kuku wabaki na udongo ubadilike. Tena kubadili udongo ni kazi nyepesi kuliko kumtibu mtoto.

Namna ya kuchagua

Jambo la kwanza ni swali: udongo huu umetoka wapi? Muuzaji akijibu “mtoni” au “huko nje ya mji”, hajajibu. Ataje mahali. Ukikuta ni karibu na mgodi, mahali wanapooshea madini, kiwanda, bohari ya kununulia madini au kando ya barabara ya malori ya madini, usinunue hata kwa bei ya bure. Mchanga wa mto mdogo unaopita chini ya mahali pa kuoshea madini unaonekana umeoshwa vizuri. Kilichouosha ndicho kilichouchafua. Kataa pia udongo wa mahali palipovunjwa betri za gari ili kuyeyusha risasi, udongo wa garaji, majivu ya jalala, na kifusi cha nyumba ya zamani yenye rangi inayobabuka.

La pili ni macho, lakini macho yana mipaka. Vijiwe vya kijani, mawe meusi mazito kama yale ya kobalti, ardhi iliyokuwa uchi katikati ya majani: hizo ni alama za kukataa. Wajuzi wa mimea wanalijua pia ua dogo linaloitwa ua la shaba, ambalo linapenda kuota penye shaba nyingi. Lakini usigeuze maneno haya. Kuona alama mbaya kunatosha kukataa. Kutoziona hakutoshi kukubali. Risasi haina harufu katika udongo, wala haina rangi ya kukuonya.

Wengi watauliza juu ya udongo wa kichuguu, kwa sababu ni mgumu, unagandamana vizuri, na mji wetu umezungukwa na vichuguu vikubwa kama nyumba. Kichuguu cha msitu wa mbali ni udongo mzuri wa kupigilia sakafu. Lakini mchwa wanapandisha udongo kutoka chini sana, na ndiyo maana wanaotafuta madini wanachukua sampuli za vichuguu ili wajue kilicho chini. Kwa hiyo kichuguu kinasema habari ya mahali kilipo. Pakiwa na madini chini, nacho kinayo juu.

La tatu: ukiweza, usiwaache kuku juu ya udongo mtupu. Sakafu ya sementi ndiyo bora. Asiye na sementi apigilie udongo wa mahali anapopajua mpaka uwe mgumu, kisha atandike juu yake maranda ya seremala, maganda ya mpunga au nyasi kavu, unene wa kiganja. Maranda yawe ya mbao ambazo hazikupakwa dawa. Mbao za nguzo zilizotiwa dawa ya mchwa zinaweza kuwa na arseniki na shaba, na hapo utakuwa umekimbia mvua ukaingia mtoni. Geuza matandiko mara kwa mara, toa penye maji, kwa sababu matandiko yaliyolowa yanaleta ugonjwa wa kuhara damu kwa vifaranga, ukungu, na ile hewa kali inayowasha macho ukifungua mlango asubuhi.

La nne: mpe kuku mahali pake pa kuoga. Beseni la zamani, udongo safi uliokauka, na majivu ya makala kidogo. Majivu yawe ya makala au kuni peke yake, si ya moto uliochoma plastiki na takataka. Kuku mwenye beseni lake hatachimba shimo kila pembe ya lupango. Mwekee pia vijiwe safi au maganda ya mayai yaliyochomwa na kupondwa. Akipata kalisi ya kutosha katika chakula, mwili wake hauna njaa ya kupokea risasi mahali pake.

La tano: chakula kisimwagwe chini. Kila punje inayookotwa ardhini inakuja na udongo wake. Chombo kinachofika kimo cha mgongo wa kuku kinatosha, na fundi wa mabati wa mtaa anakitengeneza. Majani ya lengalenga yaliyonunuliwa sokoni yaoshwe kabla ya kuwapa, kama unavyoyaosha ya chungu.

Na aliyekwisha kumwaga udongo asioujua? Auondoe wa juu, apigilie safi, atandike. Lakini udongo ule aliouondoa asiutupe bustanini wala kwa jirani. Samadi ya banda tunaiweka katika sombe na matembele. Banda likiwa na madini, yanahama kutoka kwa kuku kwenda kwa mboga, na sahani ya bukari inayapokea kutoka pande mbili. Na kwa kuku waliozurura karibu na migodi au viwanda, watoto wadogo wasipewe maini wala figo.

Kazi isiachiwe mama mwenye kuku 8

Hadi hapa nimesema na mfugaji. Sasa niseme na wakubwa, kwa sababu si haki kumwachia mama mwenye kuku 8 kazi ya kuchunguza sumu ambayo hakuileta.

Kule Kolwezi kila mchimbaji anaijua Metorex. Ni kile kifaa cha mkononi ambacho mnunuzi analenga juu ya mfuko wa madini, na baada ya muda mfupi kinasema asilimia ya kobalti na shaba. Vifaa vya namna hiyo, vikiwekwa sawa na fundi anayejua kupima udongo, vinaweza pia kuonyesha risasi, zinki na arseniki. Basi uwezo wa kupima upo katika nchi yetu. Upo pale ambapo kuna pesa ya kuhesabiwa. Mfuko wa madini unapimwa kabla haujalipwa. Udongo ambao yai la mtoto linatoka hakuna anayeupima.

Na pesa ipo pia. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inasema kwamba 15% ya ushuru wa madini unaolipwa na kampuni inakwenda kwa serikali za chini, yaani komini, sekta na sheferi ambamo mgodi unafanya kazi. Sheria hiyohiyo inataka kampuni itoe angalau 0.3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji wanaoizunguka. Ruashi ina mgodi jirani na nyumba za watu. Annexe ina yake. Sisemi pesa hiyo yote iende katika udongo. Nasema sehemu ndogo sana ya pesa hiyo inatosha kwa jambo hili: kila mwaka, kabla ya mvua, komini itangaze siku za kupima. Mkaaji alete udongo wa lupango lake katika mfuko, wanafunzi na mafundi wa UNILU waupime, jibu liandikwe kwa Kiswahili na kubandikwa ukutani: mtaa huu ni salama kufuga, mtaa huu fugeni juu ya sementi, mahali hapa asichote mtu udongo. Na wanaochota na kuuza mchanga wa kujaza mjini walazimishwe kutaja mahali wanapouchota.

Bila karatasi ile ukutani, ushauri wangu wote wa macho na maswali ni fimbo ya kipofu: inasaidia, lakini haioni. Ndiyo sababu nawaomba mashefu wa kartie, wanaoita mikutano ya usafi na usalama, waliweke jambo hili katika orodha ya mkutano ujao. Mkaaji mmoja akiuliza komini, atajibiwa arudi kesho. Avenyu nzima ikiuliza, kesho inakuja mapema.

Kwa sasa, kamyo ya mchanga ikisimama mbele ya lupango lako, usianze na bei. Anza na mahali. Muuzaji akikasirika kwa sababu umemuuliza, mwache aende na mchanga wake.